Krismasi Tuliyoipika Januari

Mama Kiprono alipofariki, aliyenipigia simu kwanza hakuwa mtu wa familia yake. Alikuwa Nyambura, mke wa mwanangu Simiyu, kutoka Nakuru. Alinisalimia vizuri, akauliza habari ya mguu wangu, kisha akauliza tena habari ya mguu uleule. Halafu akasema, "Mama, umesikia yule wa maziwa amelala?" Hakuweza kutaja jina. Nami nikasikia tena mlango wa nyuma wa nyumba yetu ya zamani ukigongwa kwa kucha, polepole, jinsi Mama Kiprono alivyozoea kugonga. Mzee wangu alitangulia miaka michache iliyopita. Sasa na jirani yetu naye. Kati ya waliokuwa katika chumba kile tumebaki wawili, Nyambura na mimi, na mimi miaka imenipita. Nimefundisha Neno kanisani karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na nimewaambia watu wengi kwamba Mungu hasahau. Wanaosahau ni sisi, na ndiyo sababu ninaandika mambo ya mwaka ule wa uchaguzi.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili katika ploti moja hapa Pioneer, mtaa wa Eldoret: sebule mbele, chumba cha kulala nyuma yake, na jiko dogo la mabati lililoegemea ukuta wa nyuma. Kati ya sebule na chumba hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la maua. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote katika sebule ile ni vitambaa. Mwanamke wa rika langu katika mji huu alijulikana kwa vitambaa vyake vya kochi. Mgeni alipoingia, kabla hajakaa alikuwa ameshavipima weupe wake kwa jicho na kuamua wewe ni mtu wa namna gani. Vyangu nilivifuma mwenyewe kwa uzi mzuri wa sweta, vyeupe vyenye ukingo wa waridi, kimoja kwa kila mgongo wa kiti, vingine vya mikono, na kikubwa cha meza. Wiki ya kabla ya Krismasi nilivifua vyote, nikavitia wanga. Wanga wetu haukutoka dukani. Ulikuwa uji mwepesi wa unga wa mahindi, umechujwa ukawa kama maziwa, unachovya kitambaa, unakianika, unakipiga pasi hadi kinasimama chenyewe. Nyambura, ambaye ndiyo ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kwetu, alisimama mlangoni pa jiko akiwa ameshika tumbo lake, akaniangalia nikimwaga unga katika sufuria ya pili. "Mama," akasema, "hivi viti vyenu vinakula kuliko watu." Nilimkata jicho. Nilikuwa bado sijamzoea. Nilidhani ni msichana wa midomo, na yeye bila shaka alinidhani mwanamke wa makochi.

Krismasi yenyewe hatukuila siku yake. Simiyu alikuwa dereva wa lori la mizigo, na sikukuu ilimkuta upande wa Kampala. Aliahidi kufika Mwaka Mpya, kura zikiwa zimekwisha hesabiwa na barabara zimetulia, kwa hiyo tukaamua Krismasi imngoje. Nilinunua kuku tu, jogoo mwekundu mwenye hasira, tukamfunga mguu jikoni. Unga wa ngano, mafuta, mchele na sukari niliviacha dukani, kwa maana kila mama anajua bei za Krismasi hushuka sikukuu ikipita. Basi matokeo yalipotangazwa jioni ile, na moshi ukaanza kupanda upande wa Langas, na mwenye duka akafunga na kukimbia, ndani ya nyumba yangu mlikuwa na jogoo mmoja, unga wa mahindi usiojaza kopo la gorogoro, na viti vilivyovaa vizuri sana.

Sitaandika hapa nani alishinda na nani aliibiwa. Wengine wameandika, na hawajamaliza kugombana. Naandika tu kwamba sisi ni Wabukusu, watu wa Bungoma, na Nyambura ni Mkikuyu, na wiki ile kuwa Mkikuyu katika mji huu lilikuwa kosa la kufa. Nyumba za watu wake zilichomwa, na aliyewaficha alichomwa nao. Wengi wa majirani zetu walikuwa wamemwona akiingia na mkoba wake mwezi uliotangulia. Mimba yake haikuwa imefika mwezi wa nane. Simiyu alipiga simu mara moja kutoka mpakani, akasema barabara imefungwa kwa mawe na magogo, malori yote yamesimama. Akasema, "Mama, nitunzie." Kisha salio likaisha, na kadi za simu zilikuwa zimekwisha mjini kama zilivyokwisha sukari na mkate. Hilo neno moja ndilo alilotuachia. Watu wawili katika mwili mmoja, na sisi tuwatunze.

Nyambura akaingia chumba cha kulala na hakutoka tena. Mchana alikaa chini, kati ya kitanda na ukuta, asionekane kivuli dirishani. Mimi nililala naye, na Mzee alilala sebuleni kwenye kochi, miguu ikining'inia. Na hapa nieleze jambo kwa wasiotufahamu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hamshiki mkono. Hali naye meza moja. Haingii chumba anacholala. Mzee alikuwa mtu wa kanisa kama mimi, na alisema mila nyingi tumeziacha, lakini hiyo hakuiacha, na hata mji ulipokuwa ukiungua hakuweza kulipita pazia lile. Basi tukaishi hivi: yeye sebuleni anasema kwa sauti ya chini, "Mama Simiyu, mwambie mtoto asikohoe, kuna watu njiani." Nyambura, aliyekuwa umbali wa mkono mmoja nyuma ya kitambaa, anasikia kila neno, anangoja mimi nimrudie ujumbe, kisha ananong'ona, "Mama, mwambie Baba nimesikia." Nami nageuka nasema, "Amesikia." Siku moja nilichoka nikawaambia wote wawili kwamba hata serikali haikuwa na karani anayefanya kazi kama mimi. Nyambura alicheka mdomo ukiwa umezibwa na leso hadi machozi yakamtoka, na nikasikia kochi la sebuleni nalo likitikisika kwa kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kumpenda.

Kupika kulikuwa na hofu yake. Mtu hafikirii jinsi harufu ya chakula inavyosema. Kitunguu kikikaangwa, kinatangaza kwa ploti nzima kwamba humu mna kitu na mna watu wa kukila. Kwa hiyo tulichemsha tu, na tulichemsha saa ambazo kila nyumba ilikuwa ikitoa moshi, ili wetu upotee katikati ya ule mwingine. Aliyetulisha ni Mama Kiprono. Yeye na mume wake walikuwa watu wa Kaptagat, Wakalenjin kama vijana wengi waliokuwa wakichoma; walikuwa na shamba na ng'ombe huko, na nyumba ya mjini iliyopakana na yetu kwa ua wa nyuma. Alikuwa ameng'oa bati moja la ua, na kila asubuhi alipita pale na maziwa ndani ya ndoo ya maji, juu yake nguo chafu. Alileta mahindi makavu. Alileta maharagwe. Nyambura akanifundisha kuyachemsha pamoja kwa njia ya kwao, hadi mahindi yanapasuka, na akaniambia nisitie chumvi mapema, maharagwe yatakaza. Parachichi za mti wa ploti nilizisaga nikazitumia badala ya mafuta. Unga uliobaki niliuchanganya na maziwa yaliyoganda na ndizi mbivu mbili zilizokuwa zimeshakuwa nyeusi, nikaumimina katika sufuria ndogo, nikaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Ilitoka keki nzito kama tofali. Nyambura aliila kwa vidole, polepole, akasema, "Mama, tuibakize ya Simiyu." Nikamwambia ya Simiyu nitampikia nyingine. Sikujua nitaipika na nini.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, asubuhi moja ya mwanzo wa Januari. Alikuwa akiokota mbegu mbaya katika mahindi, akashika upande wa kitanda na kunitazama. Hatukuweza kwenda popote. Njia ya hospitali ilikuwa na vizuizi, na katika kila kizuizi waliuliza kitambulisho ili wasome jina. Nilikwenda kwenye ua nikamwita Mama Kiprono. Alizaa watoto wake wote nyumbani Kaptagat na alikuwa amesaidia wengine. Aliingia, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akamwambia Nyambura aume leso na asipige kelele hata akiona mauti. Na kweli hakupiga. Nimekaa na wanawake wengi katika saa hiyo, na kimya kile sijakisikia tena. Nilisikia kila kitu kingine: maji yakitokota, mtu akipita njiani na redio, Mzee sebuleni akiomba kwa lugha yetu, sauti yake ikipanda na kushuka kama mtu anayemwomba jirani kitu kwa haya. Mtoto alitoka, msichana. Kichwa chake kilikaa katika kiganja changu kama chungwa. Ngozi ilikuwa nyekundu na nyembamba, unaona mishipa. Hakulia, alikwaruza tu, kama paka aliye mbali.

Damu ilikuwa bado haijafutwa walipokuja vijana. Tuliwasikia wakigonga lango la ploti kwa panga. Mzee akasimama. Mama Kiprono akamwambia akae, akajifunga leso vizuri, akatoka yeye kwa mlango wa mbele kana kwamba nyumba ilikuwa yake. Mimi nilibaki nimemshika mtoto kifuani ndani ya nguo yangu, na niliyasikia maneno yote kupitia dirisha. Kijana mmoja alisema, "Mathe, tumeskia hapa kuna madoadoa." Hilo ndilo neno walilowaita watu wa Nyambura, kama watu ni uchafu kwenye nguo.

"Hapa ni kwa Mama Simiyu," akasema Mama Kiprono. "Wewe Kibet, sweta uliyovaa nursery nani alikufumia? Mimi? Mimi sijui kufuma hata kamba ya ng'ombe."

Wengine wakacheka. Yule wa kwanza akasema hawakuja kusikiza hadithi, wanataka kuingia waangalie.

"Ingieni basi. Mke wa Simiyu amezaa sasa hivi. Damu iko chini, hata sijamwaga maji. Nani anatangulia?"

Hakutangulia mtu. Kwao, kama kwetu, mwanamume haingii mahali mwanamke amezaa, hata mume mwenyewe hungoja. Na wale vijana, waliokuwa wamefanya wiki ile mambo ambayo sitayataja, hilo hawakuliweza. Nilisikia mmoja akitema mate. Mwingine akauliza mtoto ni nini. Mama Kiprono akajibu ni msichana. Kijana yule akasema, "Haya, hongera," na wakaenda zao. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi katika maombi. Mama Kiprono hakusema uongo hata neno moja. Na yule kijana aliyesema hongera, nadhani aliisema kwa moyo, na panga likiwa mkononi. Sijui Mungu humhukumu vipi mtu wa namna hiyo. Namshukuru kwamba kazi hiyo hakunipa mimi.

Baada ya hapo vita vyetu vikawa vya kupigana na baridi. Eldoret ya Januari jua lake huwaka mchana, lakini kuta za nyumba ile zilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana joto la kwake. Mama Kiprono alisema akae kwenye ngozi ya mama yake, kifua kwa kifua, usiku na mchana, na kichwa kifunikwe. Hatukuwa na kofia ya kumtosha. Hata uzi sikuwa nao. Nikaenda sebuleni, nikasimama mbele ya viti vyangu, nikavua vitambaa kimoja kimoja. Mzee alinitazama tu. Wanga ulikuwa umevikaza kama karatasi, kwa hiyo nilivichemsha kwanza, na maji yale yakarudi kuwa uji, tukampa jogoo. Kisha nikaanza kufumua. Kazi ya majira mawili ya mvua ilifumuka kabla ya chakula cha mchana, na nilishangaa kwamba sikusikia uchungu, nilisikia haraka tu. Sindano zangu nilikuwa nimemwazima mama mmoja wa kanisa, na yeye alikuwa amekimbilia uwanja wa maonyesho na watu wengine maelfu. Mzee akatoka bila kusema, akaleta baiskeli yake ndani, ile aliyoipenda kuliko kiatu chake, akang'oa spoku za gurudumu la nyuma. Alikaa chini karibu na pazia akizisugua ncha kwa tupa, shh, shh, akizipitisha kwangu chini ya kitambaa bila kutazama upande wa ndani. "Mwambie mtoto hizi ni laini," alisema. "Hazitamkwaruza mjukuu."

Nilifuma kofia, kisha soksi zisizo na kisigino, kisha blanketi dogo la miraba. Nyambura, akiwa amelala na mtoto kifuani, alinishikia uzi kwa vidole vya miguu ili usijikunje. Tulizungumza siku zile kuliko wakwe wengi wanavyozungumza maisha yao yote. Aliniambia jinsi mama yake alivyofuma vikapu akitembea kwenda shamba, mikono ikifanya kazi na macho yakitazama njia. Aliniuliza ni kweli nilimlilia Simiyu aliposema anaoa kwao. Nikamwambia kweli, nililia. Akasema, "Na mama yangu pia alilia." Tukafuma.

Maziwa yake yalikuwa machache. Mtoto hakuweza kunyonya, tulimkamulia na kumpa kwa kijiko, tone kwa tone. Mama Kiprono akasema mwili wa mama unataka supu, na akamtazama jogoo. Mzee akasema ni wa Simiyu. Kisha akasema, achinjwe. Tulimpitisha chini ya bati, akachinjwa na kupikwa kule kwa Mama Kiprono, ili harufu iwe ya nyumba yake, akarudi kwetu ndani ya ndoo ileile ya maziwa. Nilikuwa nimehifadhi konzi ya unga wa ngano uliopatikana chini ya gunia kwa jirani. Nikaupiga na parachichi, nikatoa chapati tatu, ndogo na za kijani. Tukasema hiyo ndiyo Krismasi. Mzee akaomba baraka sebuleni, nasi tukaitikia amina kutoka chumbani. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Hailiwi na mwanamke, wala na mtoto, na mke asiyejua kuiweka juu ya sahani ya mumewe hurudishwa kwao akafundishwe. Niliiweka juu ya sahani ya Mzee kama kawaida, nikampelekea. Muda si mrefu mkono wake ukaja chini ya pazia na kisahani. Firigisi ilikuwa juu yake, nzima. Hakuniita, hakusema mwambie mtoto hivi au vile. Nyambura alikitazama kisahani, akanitazama mimi. Alijua maana yake, Simiyu alikuwa amemweleza mambo yetu. Akaila akilia, na mtoto akipanda na kushuka juu ya kifua chake kwa kila kwikwi.

Mtoto alianza kuchoka siku chache baada ya sikukuu yetu hiyo. Alikuwa akimeza, kisha akawa anaacha maziwa yatoke pembeni mwa mdomo. Mikono yake ikapoa na haikupata moto hata kifuani. Mama Kiprono alimtazama kwa muda mrefu, akasema angejaribu kuuliza kama kuna gari la askari linaloweza kutupeleka hospitali, na akatoka. Ndipo Nyambura aliposema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mwanzo.

"Mama, kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Anachukua jina lake. Nipe jina lako. Nisije nikamzika bila jina."

Nilivuta blanketi juu ya mgongo wa mtoto. Kwetu jina la ukoo hutoka kwa aliyelala. Unampa mtoto jina la aliyetangulia ili lirudi nyumbani. Ukimpa jina la mtu aliye hai, unamfungulia mlango atoke. Yeye alinitunukia heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na mimi masikioni mwangu nilisikia kaburi langu. Nilikuwa nimefundisha darasa baada ya darasa kwamba sisi tulio wa Kristo hatuogopi majina. Midomo yangu ilijua hivyo. Magoti yalikuwa bado hayajafundishwa. Na Mzee alikuwa amesikia. Sauti yake ikaja nyuma ya pazia, si kwa kupitia kwangu safari hii, hata kama aliniita mimi.

"Mama Simiyu, usinifanyie hivyo. Apewe jina la mama yangu. Yule amelala zamani."

Nyambura akajibu, na ndiyo mara ya kwanza kumjibu yeye mwenyewe. "Baba, huyo simjui. Huyu ndiye amemfumia kofia. Na kwetu mtu akipewa mtoto wa jina lake haondoki. Anaanza upya."

Kisha tukakaa. Nilisikia Mzee akienda mlangoni na kurudi, akienda na kurudi. Nilimwelewa. Alikuwa ameshaona mengi yakipotea wiki zile, na hakutaka kuongeza mke. Nilimtazama mtoto. Kofia ilikuwa imemshukia hadi kwenye nyusi. Nikaomba, si kwa maneno ya kanisani. Nilisema, Bwana, kama ni lazima uite jina hili, uite la mkubwa. Mimi nimekula, nimeona, nimezaa. Huyu hajaonja hata chumvi. Nikainama, nikamwekea mkono kichwani, nikamwita Naliaka. Hilo ndilo jina langu. Lilikuwa halijatamkwa nyumbani mwangu tangu nizae, kwa sababu kila mtu aliniita Mama Simiyu, na lilisikika kinywani mwangu kama la mtu mwingine. Nyambura akalirudia mara nyingi, karibu na sikio lake dogo. Mzee hakulirudia. Aliendelea kusema mtoto. Mtoto amekunywa? Mtoto ana joto?

Gari la askari halikupatikana. Mama Kiprono alirudi akatikisa kichwa tu, akakaa chini nasi. Mtoto alitulia asubuhi, wakati watu wanawasha makaa. Hatukujua mara moja. Nyambura alidhani amelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Wa kwetu tunamzika kwetu, lakini barabara ya Bungoma ilikuwa imefungwa, na ya kwao Nyambura haikuwa ya kufikiriwa. Katika ploti ya kupanga huwezi kuzika. Ni mume wa Mama Kiprono, mzee mkimya aliyekuwa na pikapu ya maziwa, aliyesema kuna mahali shambani mwake Kaptagat, chini ya ua wa ng'ombe, ardhi ni laini. Nataka wasomaji waelewe. Watu walikuwa wakiuana mwezi ule kwa sababu ya ardhi hiyohiyo, nani ni wa hapa na nani arudi alikotoka, na mzee yule akatoa kipande chake kwa mtoto wa Mkikuyu na wa Mbukusu kana kwamba anatupa nafasi ya kukaa kwenye benchi. Nyambura hakuweza kwenda. Kulikuwa na kizuizi njiani, na huko wangemsoma usoni. Kwa hiyo Mzee alikwenda na wenye shamba, mtoto ndani ya blanketi lake la miraba, ndani ya ndoo, chini ya nguo chafu. Mimi nilibaki na mama yake.

Mambo yaliyofuata mwaka ule nayasema kwa ufupi. Barabara zilipofunguka, Nyambura alipanda lori lenye askari akaenda kwa watu wake, na Simiyu akamfuata huko kutoka mpakani bila kupitia kwetu. Walikaa Nakuru na hawakurudi Eldoret kuishi. Kwa miezi mingi baba yake Nyambura alikataa hata salamu zetu, nami sikumlaumu. Krismasi iliyofuata tuliipika wawili, Mzee na mimi, kwenye sebule yenye viti vilivyo uchi, tukala kimya. Mungu akawapa Nyambura na Simiyu wavulana baadaye. Msichana hakuwapa tena. Nami bado nipo. Niliambiwa tangu utotoni kwamba jina likitolewa kwa mtoto, mwenye jina huondoka, na Nyambura aliambiwa kwamba huanza upya, na kumbe aliyeondoka ni mdogo, na mimi nimeachwa na jina langu na miaka yote hii. Nimeshukuru kwa miaka hiyo kila asubuhi. Sijasema kwamba ni shukrani nyepesi.

Lakini ninachotaka kubaki nacho ni alasiri ile Mzee aliporudi kutoka Kaptagat. Nyambura hakuwa amekula wala kulia. Alikuwa amekaa chini kati ya kitanda na ukuta, maziwa yakimvuja, na sasa yalikuja mengi. Tulisikia pikapu, kisha bati la ua. Mzee akaingia sebuleni, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu, na hakukaa. Nilimwona miguu chini ya pazia. Alisimama hapo muda. Kisha akalisogeza pazia kwa mkono, akaingia chumbani, akachuchumaa chini mbele ya mke wa mwanawe, karibu kabisa, magoti yake yakitoa mlio. Nyambura hakuinua uso.

"Baba," akasema, "mliomba?"

"Tuliomba."

"Mlimwitaje?"

Mzee alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa mengine. Kisha akamshika Nyambura mikono yote miwili, akaishikilia.

"Naliaka," akasema. "Mwenye shamba aliniuliza tunamlaza nani, nikamwambia ni Naliaka, binti Simiyu, amechukua jina la nyanya yake."